Tope la Chupa Kumi na Mbili

Siku Emmah aliposema kwamba tope la baharini ni tamu kuliko odowa, ule udongo wa kula wa dukani, mumewe Chege alicheka mpaka chai ikamwagika. Alikuwa amemkuta nyuma ya nyumba, kwenye ploti waliyopanga kule Gatongora, amekalia ndoo iliyopinduliwa, tumbo la miezi saba mbele yake, anatafuna.

"Ati unakula nini?"

"Ile matope yako."

"Ya kazini? Emmah! Si hiyo ni ya sukuma wiki?"

"Sukuma imeshiba. Onja tu. Iko na chumvi yake, yaani Mungu alishaitia."

Chege hakuonja. Hakumkataza pia, na hapo ndipo mtu angetamani kuzirudisha siku nyuma. Lakini mwanamke mjamzito akitamani udongo, nani Ruiru hii anashangaa? Tembea kutoka Gatongora hadi Kimbo, kila kioski utaona mawe ya odowa yamefungwa kwa gazeti, yamewekwa karibu na peremende. Wengine hununua asubuhi na jioni kama maziwa. Halafu hili halikuwa tope la mtaroni. Lilikuwa na cheti, na cheti hicho kilitoka palepale Chege alipofanya kazi.

Alikuwa mtunza sampuli katika maabara moja ya watu binafsi, upande wa viwandani, Thika. Mbali kule pwani meli ya kuchimba ilikuwa ikichota matope bandarini ili meli kubwa za mizigo zipite, kisha inakwenda kuyamwaga baharini mbali na nchi kavu. Sheria inataka kila miezi mitatu tope la pale pa kumwagia litolewe, lipimwe, ijulikane kama lina sumu ya kudhuru samaki na walao samaki. Kazi ya kupima ilitangazwa, na aliyeipata ni Mburu, mwenye maabara, kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Ndivyo matope ya bahari yalivyopandishwa basi hadi Thika, kwa watu ambao nusu yao hawajawahi kuiona bahari. Chege mwenyewe hakuwahi.

Zilikuja chupa kumi na mbili za mdomo mpana. Kila moja iligawanywa: nusu ikaenda kwa mkemia, nusu ikabaki katika chumba cha baridi, akiba, ili mtu akibisha majibu kuwe na kitu cha kupima tena. Ripoti ikatoka. Zebaki ndani ya kiwango, risasi ndani ya kiwango, kila kitu ndani ya kiwango. Siku moja Mburu akapita mlangoni pa chumba cha baridi, akatingisha kichwa.

"Chege, hii chumba imejaa. Toa hizo za pwani, maji ya mashamba ya maua yanakuja Jumatatu."

Alisema kwa mdomo, akaenda zake. Chege akazitoa. Sasa, mjukuu wa watu waliogombania robo ekari hadi wakapelekana kortini hawezi kumwaga udongo mweusi, laini, kwenye bomba la maji machafu. Mkono wenyewe unakataa. Aliutia katika ndoo, akaubeba hadi nyumbani. Sehemu akaichanganya na udongo mwekundu na mbolea ya mbuzi katika magunia ya sukuma. Iliyobaki akaianika juu ya bati, ikakauka ikawa vipande vipande, na Emmah akavikusanya ndani ya mkebe wa biskuti.

Kwa wiki sita alivila kidogo kidogo.

*

Alhamisi moja, saa mbili asubuhi, mama mmoja wa makamo aliyevaa buibui alifika kwenye geti la maabara. Mlinzi akamuuliza ana miadi na nani. Akasema hana. Mlinzi akamwonyesha jiwe lililo nje, akae pale. Alikaa hadi saa tano. Magari yaliingia, yalitoka, na kila gari likipita alisimama, akajipangusa vumbi, akakaa tena. Chege ndiye aliyemwona alipotoka kununua maandazi, akamwonea huruma, akamwingiza kwenye kaunta ya kupokelea sampuli.

"Pole sana, mama. Tukusaidie na nini?"

"Nimepoa, mwanangu. Naitwa Bi Mejumaa. Nimekuja kuziona chupa zangu."

"Chupa gani?"

Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyotiwa ndani ya nailoni isilowe. Ilikuwa orodha ya sampuli, na kando ya kila namba palikuwa na alama ya dole gumba, ya wino wa bluu. Madole kumi na mawili.

"Hizi. N'likuwamo mashuani zilipojazwa. Wakasema wataka mtu mmoja wa kijijini awe shahidi. Kila chupa ikafungwa kwa utepe wa karatasi, nami nikatia dole juu ya utepe. Yule kijana wa mradi wa bandari akaniambia, Bi Mejumaa, dole lako ndilo kufuli, likikatika njiani tutajua."

Chege alijua. Alizikumbuka zile tepe zilivyomsumbua. Gundi yake ilikuwa kali, ikabidi aziloweke chupa katika maji moto kisha azisugue kwa sponji ya waya hadi zikatakata. Chupa zenyewe zilikuwa juu ya rafu nyuma yake, zimejaa maji ya mashamba ya maua. Bi Mejumaa alikuwa akizitazama bila kuzitambua.

"Na unataka kuziona kwa nini, mama?"

"Ripoti yenu yasema tope ni safi. Sisi twaokota chaza kule. Mwaka huu twawakuta wamejifungua wenyewe, wameoza ndani ya makombe yao. Mikono yatutoka malengelenge, tazama." Akamwonyesha. Ngozi kati ya vidole ilikuwa imebanduka, nyekundu. "Tumechanga, tumepata wakili, na wakili kapata maabara nyingine. Asema, ile nusu iliyobaki ndiyo kesi yetu. Pasipo hiyo, hatuna kesi, tuna maneno tu."

Chege alifungua mdomo aseme. Haki ya Mungu alitaka kusema. Kilichotoka ni hiki:

"Meneja hayuko leo. Rudi kesho."

"Kesho?" Bi Mejumaa alimtazama kama mtu anayetazama mtoto aliyekosea hesabu ndogo. "Mwanangu, mimi natoka pwani, sitoki Juja."

Aliandikisha namba yake ya simu, akaomba aonyeshwe choo, akaenda kutafuta basi la kumrudisha kwao. Ofisi ya Mburu ilikuwa juu ya ngazi, na kupitia dirishani Mburu alimwona akitoka.

*

Mkemia wa maabara aliitwa Reshma, msichana wa Thika hapohapo, ambaye babu yake alikuwa na duka la vyuma mjini tangu zamani. Alikuwa na mdomo mwepesi na moyo mzuri, na kwa kawaida alimtania Chege tangu asubuhi hadi jioni. Siku hiyo alimwona uso, akaacha utani.

"Kuna nini?"

"Reshma, ile tope ya pwani ilikuwa safi kweli?"

"Si ulisoma ripoti?"

"Nakuuliza wewe. Emmah amekuwa akiila."

Reshma aliiweka kalamu chini. Aliinuka, akafunga mlango, akasimama ameuegemea.

"Ameila namna gani?"

Chege akamweleza: ndoo, bati, mkebe wa biskuti, wiki sita. Alivyozidi kueleza ndivyo macho ya Reshma yalivyozidi kujaa machozi.

"Mashine ya kupima metali iliharibika Februari," alisema. "Taa yake iliungua. Mburu aliagiza nyingine ng'ambo, haijalipiwa, haijafika. Mpaka leo."

"Na zile namba?"

"Nilichukua za robo ya kwanza ya mwaka. Nikabadilisha kidogo, hapa nikaongeza, pale nikapunguza. Mburu alisema mradi unataka ripoti wiki hiyo, tutakuja kupima kwa kweli mashine ikipona. Nami nikajiambia, sawa, akiba si iko." Alijifuta uso kwa mkono wa koti. "Akiba ndiyo ilinifanya nilale usingizi, Chege. Sikujua umeitoa."

"Niliambiwa niitoe."

"Najua. Sikulaumu. Nani namlaumu hapa?"

Kisha Chege akauliza kama Emmah anaweza kupimwa damu, na Reshma akamweleza polepole, kama mtu anayeogopa maneno yake mwenyewe. Damu hupimwa kwa kutafuta kitu kinachojulikana. Tope la bandarini linaweza kuwa na risasi, zebaki, rangi za meli, dawa za kuua kome wanaong'ang'ania meli, vitu kumi. Kila kimoja kipimo chake na bei yake, na vingine damu hupelekwa hadi nje ya nchi. Lazima kwanza ujue kilichomo katika tope, ndipo daktari ajue cha kutafuta katika mama.

"Imebaki yoyote? Si ile ya magunia, hiyo umeichanganya na mbolea. Hata tukipata kitu, tutasema kimetoka kwa tope au kwa mbuzi?"

"Iko kipande kwa mkebe."

"Kikubwa?"

"Kama nusu ya sabuni."

"Hiyo inatosha. Iko rafiki yangu tulisoma naye, yuko maabara ya chuo, mashine yao ni nzima. Ameenda kwao, anarudi Jumatatu. Usilete hapa, Mburu ameanza kuuliza maswali kuhusu yule mama, na atapekua mifuko. Jumatatu asubuhi tukutane moja kwa moja kwa geti ya chuo. Na Chege, Emmah asikiguse."

*

Emmah alikuwa akichambua maharagwe aliposikia. Hakulia kwanza. Alisimama, akaenda nje, akajitia vidole kooni hadi akatapika chai tupu. Aliporudi, alikuwa na hasira ambayo Chege hakuwahi kuiona tangu waoane.

"Ulisema iko na cheti!"

"Ilikuwa nayo."

"Cheti ya uongo! Unabeba matope ya watu usiowajua, unaleta kwa nyumba yangu, unaniambia ni safi, ni ya sukuma. Kwani udongo umeisha Kiambu yote?"

"Emmah, hata mimi niliambiwa ni safi."

"Na wewe unafanya kazi hapo! Kama wewe hujui, mimi nijue aje?"

Chege alichukua mkebe, akakitazama kile kipande cha mwisho, cheusi, kimepasuka katikati, akaufunga na kuuweka juu ya kabati, nyuma ya sufuria kubwa ya Krismasi. Emmah alimfuata kwa macho hadi mkono wake uliposhuka. Alimeza mate, na akaona haya.

Ijumaa asubuhi walikuwa kwenye foleni ya kliniki ya akina mama, Ruiru. Akina mama ishirini na kitu kwenye mabenchi, na meza ya sista iko hapohapo mbele yao, hakuna pazia.

"Hemoglobini yako ni nane tu," sista alisema bila kuinua macho. "Vidonge vya damu hunywi?"

"Nakunywa."

"Basi unakula nini?"

Emmah alinong'ona. Sista akamwambia aseme kwa sauti, hasikii.

"Matope."

"Matope! Mama, kwani nyumbani mnakosa chakula?" Benchi la kwanza likacheka, la pili likauliza wanacheka nini, likaambiwa, nalo likacheka. Walicheka kwa sababu wengi wao walikuwa na odowa kwenye mikoba yao, na ni nafuu kumcheka mwenzako.

Chege akainama mezani. "Sista, tunafikiri hiyo matope ina sumu."

"Sumu gani?"

"Hatujui bado."

"Sasa hapa nitajaza nini?" Alimwonyesha fomu, mahali penye mstari mtupu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kalamu mkononi na hakuwa na neno la kuandika. "Mtoto anacheza?"

"Anacheza."

"Moyo wake uko sawa, nimeusikia. Mkijua ni sumu gani, mrudi. Mama, wacha udongo. Kula maini, kula mboga. Anayefuata!"

Njiani kurudi Emmah alikumbuka kwamba mboga iliyo nyumbani ni ile ya magunia. Chege naye alikuwa akiwaza hilohilo.

*

Mchana huo Mburu alimwita Chege ofisini, akamkaribisha kwa chai ya maziwa kwenye kikombe cha wageni. Ukiona bosi amekupa kikombe cha wageni, ujue mambo si mazuri.

"Wakili wa watu wa pwani ameandika," Mburu alisema. "Anataka akiba ya zile chupa kumi na mbili. Nimekutayarishia barua kidogo, uweke sahihi. Inasema stima ilipotea siku tatu, chumba cha baridi kikapata joto, sampuli zikaharibika, zikatupwa kwa usalama."

"Lakini stima haikupotea."

"Chege, hapa Thika ni siku gani stima haipotei? Nani atabisha?"

Chege aliitazama barua. Jina lake lilikuwa tayari limechapwa chini, la Mburu halikuwepo popote. Badala ya kuzungumzia barua, akazungumzia mke wake. Alieleza yote, hata kutapika, hata kicheko cha kliniki. Mburu alisikiliza, na uso wake ukabadilika kwa kweli. Alishika kichwa.

"Woi! Emmah? Huyu Emmah aliyetuimbia kwa harusi ya msichana wangu?" Akasukuma kikombe chake pembeni. "Kama ile mashine ingekuwa inafanya kazi, ningepima mwenyewe leo, kwa mikono yangu. Unaniamini?"

"Nakuamini."

"Nina deni ya hiyo taa miezi minne. Mradi haujanilipa kwa sababu wanasubiri robo hii iishe. Nikisema ripoti haikuwa ya kweli, nafunga kesho, watu kumi na nne wanaenda nyumbani. Na wewe kwanza. Bima ya leba ya Emmah inapitia hapa, unajua. Wiki chache tu zimebaki." Akafungua droo, akatoa noti chache, akazisukuma mezani. "Mnunulie maziwa. Anywe mengi. Maziwa hutoa sumu."

Msimhukumu Chege haraka. Ni rahisi kuwa shujaa ukiwa huna mtu nyumbani ambaye damu yake ni nane. Aliweka sahihi. Noti aliziacha mezani, akafika mlangoni, akarudi akazichukua, maana maziwa yalihitajika. Kurudi kule ndiko kulimuuma kuliko sahihi.

Jioni alipiga ile namba ya pwani. Ilipokewa kwa mlio wa kwanza.

"Bi Mejumaa, ni Chege wa Thika. Chupa zako hazipo. Nilizimwaga mimi, kabla hujakuja. Nilikudanganya ati urudi kesho. Na leo nimesaini barua ya kusema ni stima."

Akasikia kuku, na mtoto akiitwa aje kula.

"Kwa nini waniambia sasa?"

"Kwa sababu kuna kipande kimoja. Mke wangu ni mjamzito na alikuwa akila hiyo tope. Kimebaki kidogo, na Jumatatu kinapimwa mahali pazuri. Kortini hakitakubalika, hakina dole lako. Lakini utajua. Nasi pia tutajua."

Mtoto akaitwa tena, kwa ukali.

"Nakuja," alisema Bi Mejumaa. "Kisipimwe mpaka nikione."

*

Jumamosi Emmah alifua nguo zote za nyumba, hata zilizo safi. Jumapili Chege alikwenda kanisani peke yake kwa sababu miguu ya Emmah ilikuwa imevimba. Aliporudi alimkuta amelala, amejifunika shuka hadi kichwani, na hakumsumbua. Alikuwa na furaha kidogo, mjinga huyu. Kesho ilikuwa karibu.

Jumatatu saa moja asubuhi Bi Mejumaa alifika Gatongora, kwa maelekezo ya simu, na mkoba wake na mfuko wa maembe makavu aliyomletea mjamzito. Alikataa kukaa kabla ya kuona tope. Chege akampeleka nyuma ya nyumba kwanza, kwenye magunia. Majani ya sukuma yalikuwa yameanza kuungua pembeni, manjano, na yale ya chini yamekunjamana. Bi Mejumaa akachuchumaa, akachukua udongo kidogo kati ya vidole vyake vilivyobanduka, akanusa.

"Ndilo," alisema. "Hata mkilichanganya na samadi. Ndilo."

"Hii inaungua ni chumvi ama ni sumu?"

"Mimi sijui, mwanangu. Ningejua nisingepanda basi."

Wakaingia ndani. Chege akapanda kiti, akasogeza sufuria ya Krismasi, akashusha mkebe. Alijua kabla hajaufungua, kwa wepesi wake. Akaufungua hata hivyo. Ndani mlikuwa na vumbi jeusi, na alama ya kidole kilichopita kulizoa.

"Emmah."

Emmah alikuwa amesimama katika mlango wa chumba cha kulala. Inaonekana alikuwa amesimama hapo muda.

"Emmah, iko wapi?"

"Usinipigie kelele."

"Sipigi kelele. Iko wapi?"

"Nilipanda kiti nikitaka kuinusa tu," alisema. "Haki, Chege, kuinusa tu. Tangu Alhamisi mate yananitoka, siwezi kulala, siwezi kumeza chakula, kila kitu kinanukia hiyo tu. Nikasema nilambe pembeni. Pembe moja, ibaki ya Reshma. Halafu nikasema pembe ile nyingine, zilingane." Akajifuta uso kwa leso. "Nilijua ni nini. Nilikuwa nalia na natafuna. Sikuweza kuacha. Nimesema ukweli, sikuweza."

"Yote?"

"Yote."

Chege alipitisha kidole ndani ya mkebe, pembe zote nne, akatazama kidole. Hakikuwa hata na cha kujaza kucha. Simu ikalia mezani. Ni Reshma, aliyekuwa tayari kwenye geti la chuo na rafiki yake. Iliita ikakatika. Chege alikaa chini sakafuni, mgongo kwa kabati, mkebe mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu haya yaanze alilia mbele ya watu.

Bi Mejumaa alimwacha alie. Alimwendea Emmah, akamshika mkono kama anavyoshikwa mgonjwa, akamketisha kitandani, akaketi kando yake. Emmah alikuwa akingoja matusi. Alikuwa ameyatayarishia mabega.

"Mimba ya tatu nilikula ukuta," Bi Mejumaa alisema. "Ukuta wa jikoni, wa udongo. Marehemu mume wangu alikandika kila mwezi, asijue ni panya gani yule. Hebu nipe tumbo."

Akaweka kiganja. Walikaa hivyo, hata kilio cha Chege kikapungua. Chini ya kiganja kitu kilisukuma, kikatulia, kikasukuma tena.

"Acheza," alisema Bi Mejumaa.

"Anacheza sana kuliko jana," Emmah alisema. "Hiyo ni mzuri ama ni mbaya?"

Bi Mejumaa aliitoa ile karatasi ya madole kumi na mawili, akaitazama, akaikunja mara nne, akairudisha mkobani ndani ya nailoni yake.

"Huko kwenu," Emmah akauliza, "akina mama wenye mimba bado wanakula hao chaza?"

"Wale nini kingine, mwanangu?"

"Na watoto wakizaliwa, ni wazima?"

Simu ya Chege ilianza kuita tena, na jina la Reshma likawaka. Hakuna aliyeinuka kuipokea.

"Wazaliwa, walia, wanyonya," alisema Bi Mejumaa. "Wazima au si wazima, nani kawapima?"